Takwimu kwa picha: ufunguo upi, mchoro upi, na lini uhamie kwenye mihimili

Tuchukue zoezi la kutunga. Kibanda cha viazi pale Uyole, Mbeya, kimeuza magunia 40 Jumatatu, 25 Jumanne, 30 Jumatano, 15 Alhamisi na 50 Ijumaa. Mwanafunzi anaambiwa aonyeshe mauzo hayo kwa picha. Anaanza na gunia: kamba mdomoni, mishono ubavuni, na kama ni fundi wa kuchora anatia na kivuli. Akifika gunia la nne ukurasa umeshaanza kumbana. Akisema kila picha ni magunia 10, Jumanne inamdai nusu ya kitu ambacho hakukichora ili kikatike. Anafuta, anachora tena, anafuta, karatasi inatoboka.

Kuchora hakukumshinda, alianzia mwisho. Kazi hii ina maamuzi matatu: kama picha zinazifaa namba hizo, picha moja isimamie vitu vingapi (huo ndio ufunguo), na picha yenyewe iwe ya nini. Hilo la tatu ndilo watoto hulirukia, na ndilo jepesi kuliko yote. Tunaanza na ufunguo, maana ukikosewa huo hata mchoro mzuri hauokoi kitu.

Ufunguo wa 4, 5, 10 au 20

Namba ni zilezile, funguo ni nne. Ndani ya jedwali ni idadi ya picha zitakazochorwa:

| Picha 1 = magunia | Jumatatu (40) | Jumanne (25) | Jumatano (30) | Alhamisi (15) | Ijumaa (50) | Jumla ya picha |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 4 | 10 | 6¼ | 7½ | 3¾ | 12½ | 40 |
| 5 | 8 | 5 | 6 | 3 | 10 | 32 |
| 10 | 4 | 2½ | 3 | 1½ | 5 | 16 |
| 20 | 2 | 1¼ | 1½ | ¾ | 2½ | 8 |

Ufunguo wa 1 hatukuuweka. Picha 160 ni adhabu, si hisabati.

Wa 4 ndio mbaya kuliko yote: picha ni nyingi na bado vipande ni vya kila aina, robo, nusu na robo tatu. Wa 5 hauna kipande hata kimoja, kwa hiyo unamfaa mtoto ambaye sehemu bado zinamchanganya. Gharama yake ni kuchora picha 32. Wa 10 unapunguza kazi kwa nusu na unadai kipande cha aina moja tu. Wa 20 unaokoa wino, lakini tofauti ya Jumanne na Jumatano inabaki robo ya picha, na ikiwa kwenye bango ukutani, anayekaa dawati la nyuma hataiona. Kwa namba hizi, anayejua nusu achukue 10, asiyejua achukue 5. Wa 20 tungeuacha.

Funguo hizo hazikuotwa. Tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba zote, yaani KKS, namba kubwa kabisa inayozigawa zote bila baki, ambayo mtoto ameshaisoma na pengine anajiuliza ina kazi gani. KKS ya 40, 25, 30, 15 na 50 ni 5. Ukiitumia KKS yenyewe kama ufunguo, hupati kipande. Ukiizidisha kwa 2, unapata nusu tu. Ukiizidisha kwa 4, robo zinaingia. Kwa hiyo 5, 10 na 20 ndizo funguo za kweli za zoezi hili, na 4 iliingia kwenye jedwali ili uone inavyoharibu.

Kisha pima ukurasa. Daftari la ukubwa wa A5 lina upana wa sentimita 14.8. Tenga sentimita 3.5 za majina ya siku na sentimita 1 pembeni, zinabaki 10 na kidogo. Kila picha ipewe chumba cha sentimita 1, na ndani yake ichorwe kwa milimita 8 ili zisigusane. Mstari mmoja basi unabeba picha 10. Gawa namba kubwa kwa 10: 50 ÷ 10 = 5. Ufunguo wowote ulio chini ya 5 utavuka ukurasa, na hapo ndipo Ijumaa ya ufunguo wa 4 ilipokwama.

Kuna kawaida ya kukimbilia 10 kwa kila zoezi kwa kuwa kuzidisha kwake ni rahisi. Angalia 10 inavyogoma hapa. Wanafunzi wa darasa moja wanafika shuleni hivi: kwa miguu 34, daladala 14, baiskeli 10, bajaji 6. Kwa ufunguo wa 10 unatakiwa uchore picha 3.4, 1.4, 1 na 0.6. Hakuna mkono wa kuchora 0.4 ya mtu. KKS ni 2, hivyo funguo ni 2, 4 au 8. Wa 2 unatoa picha 17 kwa wanaotembea, mstari hautoshi. Wa 4 unatoa 8½, 3½, 2½ na 1½: unaenea ukurasani na vipande vyote ni nusu. Ufunguo wa 4, ulioharibu zoezi la viazi, hapa ndio bora.

Njia ya KKS ina faida nyingine ambayo huonekana mtu akikosea. Ukihesabu watu kwa ufunguo wa 5, nusu picha inasema watu wawili na nusu. Ukiwahesabu kwa 10, robo inasema hivyohivyo. Kwa magunia unaweza kujitetea kwamba nusu gunia lipo sokoni; kwa watu, mbuzi au madawati hakuna utetezi. Ufunguo ukiwa KKS mara 2, nusu yake daima ni namba nzima.

Namba zikigoma kabisa

Badilisha mauzo kidogo: 38, 23, 33, 18, 48. KKS ni 1. Ufunguo wa 4, mkubwa kuliko yote unaoruhusiwa na kanuni yetu, unapeleka Ijumaa kwenye picha 12 na kudai robo na robo tatu njiani. Hapa kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kukadiria hadi 5 iliyo karibu: 40, 25, 35, 20, 50, kisha utumie ufunguo wa 10. Mchoro unapendeza, ila jumlisha uone. Namba halisi ni 160, za kukadiria ni 170. Namba zote tano zilipanda, hakuna iliyoshuka, na picha nzima imezaliwa bila gunia hata moja kuuzwa. Ukichagua njia hii, andika neno «takribani» kwenye kichwa cha mchoro na uweke namba halisi mwishoni mwa kila mstari.

Ya pili ni kuachana na picha na kuchora grafu ya mihimili. Kwenye karatasi ya grafu, sentimita 1 iwe magunia 5, maana yake kila gunia ni milimita 2. Mhimili wa 38 unapanda sentimita 7.6, wa 23 sentimita 4.6, wa 48 sentimita 9.6. Hakuna kukadiria wala kubishana. Swali likidai majibu kamili, sisi tungechagua mihimili bila kusita.

Mchoro: unakatikaje?

Picha nzuri ni ile inayokatika vizuri. Huu hapa ufunguo wa 10 kwa duara tupu:

Jumatatu: ● ● ● ●
Jumanne: ● ● ◐
Jumatano: ● ● ●
Alhamisi: ● ◐
Ijumaa: ● ● ● ● ●
Ufunguo: ● = magunia 10

Duara linakatika nusu na robo bila ubishi, na jicho linaona kipande kilichokosekana. Ukilitia vitone vitatu linakuwa kiazi, na hakuna atakayekudai zaidi. Udhaifu wake ni kulichora lilingane kila mara kwa mkono mtupu.

Mraba au gunia la umbo la mstatili ni rahisi zaidi kwa rula. Ukiupa sentimita 1 kwa 1 kwenye karatasi yenye milimita, unaweza kuonyesha hata sehemu ya kumi: kivuli cha milimita 3 ni 0.3. Hapo ndipo zile 3.4 za wanafunzi zingewezekana kuchorwa, lakini msomaji atahitaji rula ili azisome, na picha inayosomwa kwa rula imeshakuwa mhimili uliokatwakatwa.

Umbo la mtu linapendwa na halikatiki. Akikatwa kiunoni, kipande cha juu kina kichwa na mikono, cha chini kina miguu, na mtoto ana haki ya kuuliza kipi ndicho nusu. Akikatwa wima, kushoto na kulia, vipande vinalingana. Kwa nusu, mkate wima. Kwa robo, usimtumie mtu kabisa.

Pembetatu ndiyo mtego mkubwa, na mikoa ya milima kama huu wa Mbeya inaialika: kila mtoto wa Rungwe anaweza kuchora mlima. Pembetatu yenye kimo cha sentimita 2, ikikatwa kwa mlalo katikati ya kimo chake, haigawanyiki nusu kwa nusu. Kipande cha juu kina kimo nusu na kitako nusu, kwa hiyo eneo lake ni robo, na cha chini kimebeba robo tatu. Mwanafunzi anayechora nusu mlima kwa kubakiza kilele anaonyesha robo. Akibakiza kitako anaonyesha robo tatu. Ikate wima kutoka kileleni hadi katikati ya kitako. Nyumba yenye paa la mgongo ina tatizo hilohilo kwa kiasi kidogo.

Parachichi na jani la chai vinafuata kanuni ya pembetatu, kwa kuwa upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba. Parachichi likatwe kwa urefu, kama linavyokatwa mezani, na jani lifuate mshipa wake wa kati. Mkungu wa ndizi uache. Ukiona unahesabu vichane ndani ya picha moja, msomaji naye atavihesabu, atadhani kila kichane ni kitu cha kuhesabiwa, na jibu lake litakuwa mara sita au saba ya lako.

Mafundi wa takwimu kwa picha walishagombana na jambo jingine: kurudia picha ndogo au kukuza picha moja. Otto Neurath, aliyeanzisha jumba la makumbusho ya jamii na uchumi mjini Vienna mwaka 1925, alishikilia kwamba namba kubwa ionyeshwe kwa picha nyingi zaidi zenye ukubwa mmoja, si kwa picha kubwa zaidi. Sababu inapimika kwa rula. Gunia la sentimita 2 kwa 3 lina eneo la sentimita za mraba 6. Ukitaka kuonyesha mauzo mara mbili ukalikuza kila upande mara mbili, linakuwa 4 kwa 6, yaani 24. Umesema mara mbili, jicho limeona mara nne. Matangazo ya biashara yanafanya hivi kila siku, na si mara zote kwa bahati mbaya.

Na kabla ya kuliacha gunia: ufunguo useme ni gunia la namna gani. «Gunia la kilo 100» ni kipimo. «Gunia» peke yake, kwa anayejua lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi), halijasema kitu. Vibanda viwili vyenye picha tano tano vinaweza kuwa vimeuza uzito tofauti kabisa, na mchoro hautakuwa na kosa lolote la hesabu.

Picha, mihimili, duara au mstari

Picha zichaguliwe pale vitu vinahesabika, makundi ni machache (hadi sita hivi), namba zina KKS nzuri, na msomaji anatazama kwa sekunde chache: ukuta wa darasa, ubao wa matangazo wa kijiji, mkutano wa wazazi. Hapo zinaishinda mihimili, kwa sababu mtu asiyejua kusoma skeli anaweza kuhesabu viazi.

Mihimili ichukue nafasi mara namba zinapokuwa ngumu au makundi yakizidi. Ina kosa lake moja: skeli ikianzia 10 badala ya 0, Alhamisi yenye 15 inabaki kisiki na Ijumaa inaonekana mara nane yake badala ya mara tatu na kidogo. Picha haziruhusu ujanja huo.

Grafu ya duara inajibu swali tofauti, yaani kila siku ilichangia sehemu gani ya wiki. Kwa namba zetu, Jumatatu ni 40/160 × 360 = nyuzi 90, safi. Lakini Jumanne ni 56.25, Jumatano 67.5, Alhamisi 33.75, Ijumaa 112.5. Protrakta ya shuleni ina alama za nyuzi nzimanzima, basi mwanafunzi anakadiria mara nne na kipande cha mwisho hakifungi. Kama swali halikutaja sehemu ya jumla, usilitafute duara.

Joto halichorwi kwa picha. Ukipewa joto la asubuhi la Makete kwa wiki moja ya Julai, msimu ambao umande huganda kwenye majani, chora grafu ya mstari. Nyuzi 10 si vitu kumi, wala si baridi nusu ya nyuzi 5. Na asubuhi ya 0 itaacha mstari mtupu, msomaji adhani hakuna aliyepima.

Kusoma: toa kwanza au zidisha kwanza?

Swali la kawaida: Jumatatu ilizidi Alhamisi kwa magunia mangapi?

Njia moja ni kuzidisha kila siku kwanza: 4 × 10 = 40, 1½ × 10 = 15, kisha 40 − 15 = 25. Njia ya pili ni kutoa picha kwanza: 4 − 1½ = 2½, kisha 2½ × 10 = 25. Ya pili ni fupi, na kwa jumla ya wiki ni fupi zaidi: hesabu picha zote, 16, zidisha mara moja, 160. Lakini ya kwanza ni salama kwa anayeanza. Kosa linalorudi kuliko yote ni kuandika 2½ na kuweka kalamu chini, na linatokea kwenye njia ya pili, kwa sababu kutoa kumeshampa mtoto hisia kwamba kazi imekwisha. Mfundishe ya kwanza hadi aache kusahau ufunguo, ndipo umpe ya pili.

Makosa mengine matatu yanatambulika kwenye jibu lenyewe. Jumanne ikisomwa 30, kipande kimehesabiwa kama picha nzima. Ikisomwa 20, kipande kimerukwa. Ikisomwa 21 au 20½, mtoto amezidisha picha nzima vizuri na kukisoma kipande bila ufunguo: kwake ni kitu kimoja, au nusu ya kitu.

Maswali ya kurudi nyuma, ambapo ufunguo umefichwa, yanahitaji kugawanya. Picha 12 zinawakilisha miche 96 ya miti. Picha 3½ ni miche mingapi? Ufunguo kwanza: 96 ÷ 12 = 8. Kisha 3 × 8 = 24, nusu ni 4, jumla 28. Anayejaribu kufika 28 bila kusimama kwenye 8 hupotea njiani, kwa hiyo aandike mstari wa «picha 1 = miche 8» hata kama swali halikuuomba.

Mkono, kadibodi au kiazi

Kuchora kwa mkono kunatosha daftarini kama vyumba vya sentimita 1 vimepigwa kwa penseli kwanza. Bila vyumba, picha nne zilizoachana zinakuwa ndefu kuliko tano zilizobanana, na Jumatatu inaipita Ijumaa.

Kwa bango la manila, kadibodi iliyokatwa umbo na kuzungushiwa penseli inatoa picha zinazolingana, lakini ni polepole. Kizibo cha soda kinafanya kazi hiyo kwa duara la karibu sentimita 3, na kinaonekana hadi nyuma ya darasa.

Muhuri wa kiazi ndio wa haraka, na Uyole malighafi haikosekani. Kata kiazi kigumu katikati, kausha uso wake kwa kitambaa (ukiwa na maji, wino unasambaa na kingo zinapotea), chonga umbo kwa kina cha nusu sentimita, chovya kidogo, gonga. Usichonge herufi wala namba, zitatoka zimegeuka. Kwa nusu picha, usifunike upande mmoja wa muhuri kwa karatasi, wino hupenya. Gonga kwanza picha zote nzima za bango, hesabu kama zimefika, kisha ukate muhuri huohuo wima na ugonge nusu za Jumanne na Alhamisi mwisho.